Laptop ya Matanga Iliyokataa Kulala

Hapana, haikuwa movie. Hivyo ndivyo nilimwambia madam mara tatu siku hiyo ya Jumamosi, na mara tatu alinijibu kitu moja: laptop ikifungwa hailambi betri, kwa hivyo ni moja kati ya mbili, sikuifunga, ama niliifungua njiani nikaangalia movie zangu. Nikamwambia nilifunga. Akasema hata mtoto akifunga macho unajua kama amelala ama anakudanganya. Nikamwambia basi ni laptop ndio ilikuwa inanidanganya. Hapo akaniangalia hivi, akasema, "Kwa hivyo sasa ni mashine ndio iko na tabia mbaya, wewe uko sawa."

Hiyo ilinikasirisha kuliko yote. Nilikuwa najua niko na ukweli lakini sikuwa nao mkononi.

Madam ndiye mwenye duka yetu hapa Ndhiwa. Tunafanya fotokopi, picha za pasipoti na barua za kuomba kazi, lakini kazi yenyewe yenye inaweka mlango wazi ni vitabu vya matanga. Mtu akifariki huku, familia inataka kitabu: picha yake mbele, maisha yake ndani, wazazi, wake, watoto, wajukuu, halafu ratiba ya mazishi. Zamani watu walikuwa wanakuja dukani na karatasi imekunjwa mara nane. Madam akafikiria vizuri, akasema mtu mwenye msiba asisumbuliwe, sisi tuende kwake. Ndipo nikapewa laptop. Naenda kwa boma, nakaa na familia, naandika wakiona, mwenye kukataa anakatalia hapo hapo, narudi dukani na kitu imekubaliwa. Hiyo ya familia kuangalia kwanza kwa skrini imejulikana mpaka huko ziwani. Watu hawaulizi kama nitaandika vizuri. Wanauliza, "Tutaona kwanza?"

Mimi si wa hapa. Mimi ni Mkuria, kwetu ni upande wa Kehancha. Nilimaliza Form Four, nikasikia kazi iko Ndhiwa, nikakuja. Nimekaa mwaka wa pili sasa. Dholuo yangu ni ya kununua nyanya na kushukuru, ikienda zaidi ya hapo nabaki nyuma. Kwa hivyo kila mtu anaongea na mimi Kiswahili, na hapa Kiswahili ni ya sokoni, ya askari na ya wageni. Watu wanakuwa wanacheka na kitu yao, nafika, mmoja anabadilisha anasema, "Habari yako," na zile kicheko zinaisha. Si ubaya. Ni kama mtu ametoka kwa nyumba yake, amefunga mlango nyuma yake polepole, mnaongelea nje.

Kwa matanga tu ndio nimekuwa nikiingia ndani. Sijui nitasema aje bila kuonekana mtu mbaya, lakini hizo siku za kwenda kwa watu wenye wamefiwa ndizo siku zangu nzuri. Napewa kiti, napewa chai na mandazi kabla ya mchungaji, wananiita nyar Kuria, yaani msichana wa Wakuria, wananiambia mzee alikuwa anapenda ng'ombe gani na alikuwa anaogopa nini. Kwa hayo masaa mawili najua hiyo boma kuliko majirani. Halafu natafuta gari, narudi kwa chumba yangu, nafungua kufuli, na hakuna mtu wa kuniuliza nimetoka wapi.

Mama yangu alipofariki nilikuwa Form Two. Hakukuwa na kitabu. Mwenyekiti wa ukoo alisimama akasema mambo manne, mawili yalikuwa ya babangu. Nilikuwa na hiyo kichwani kila nikikaa na familia ya mtu. Sikuwaambia.

Sasa Muhuru Bay. Hiyo ilikuwa Jumanne, siku nne kabla ya huo ugomvi. Mzee mmoja alikuwa amefariki huko, alikuwa na boti zamani, halafu akaokoka akaanza kulima. Asubuhi nilipitia dukani kwanza kwa sababu kulikuwa na kitabu ya mtu mwingine ilikuwa inataka marekebisho. Vitabu zote ziko kwa seva, hiyo ni ile kompyuta kubwa ya dukani yenye inakaa chini ya meza na kuweka kazi za kila mtu. Laptop yangu inaingia huko kwa wifi, inaona folda ya seva kama ni folda yake. Nilikuwa nimefungua hiyo faili, niko katikati, gari ya Sori ikaanza kupiga honi. Mimi na honi hatupatani. Nikabeba laptop ikiwa wazi, nikakimbia, nikaifunga gari ikiwa imeshatoka, ikaingia kwa begi.

Kutoka Sori nilichukua boda. Tulipofika begi ilikuwa na joto mgongoni mwangu kama nimebeba chapati. Nikafungua laptop mbele ya familia yote, nikabonyeza. Giza. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Hata ile taa ndogo haikuwaka. Chaja nilikuwa nayo, lakini stima ilikuwa imepotea beach nzima, hicho kijiji chote cha wavuvi, tangu asubuhi, na mwenye solar alikuwa ameenda Migori na funguo. Mama mmoja wa jikoni akachungulia akasema, "Imemfuata mzee." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini masikio yangu ilikuwa inawaka.

Nikatoa daftari. Watu wakaingia chini ya tenti mmoja mmoja, nikaandika vile walikuja. Mzee alikuwa na wake wawili. Watoto wa mke wa pili ndio walikuwa wepesi, hasa kijana wao mkubwa mwenye ni mwalimu, alikuwa amejipanga, majina yote na tarehe. Mke wa kwanza, yule wanamwita mikayi, hakutoka. Mikayi mwenye amefiwa anakaa kwa nyumba yake, watu ndio wanaenda kwake. Wamama wa kanisa walikuwa wamejaa huko wakiomba, maombi ikaisha ingine ikaanza. Nilipopata nafasi ya kuingia jua lilikuwa limeenda, na mwenye boda alikuwa nje anapiga honi. Tena honi.

Alikuwa amekaa chini kwa mkeka, miguu imenyooka, mama mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliniambia mambo machache, nikaandika kwa pembeni ya ukurasa kwa sababu kati kulikuwa kumejaa. Halafu akauliza ile kitu kila mtu anauliza.

"Mwanangu, sitaona kwanza kwa kompyuta?"

Nikamwambia, "Nimeandika yote, mama. Usijali."

Nimeandika hiyo sentensi hapa vile nilisema, kwa sababu nimejaribu kuikumbuka ikiwa ndefu zaidi, ama na heshima zaidi, na haikuwa. Ilikuwa hivyo tu. Nilikuwa nimeshasimama.

Dukani niliandika kutoka kwa daftari, juu kwenda chini. Watoto wa mke wa pili wakaja kwanza, na mama yao juu yao. Mikayi na watoto wake wakaja kwa ukurasa wa nyuma. Sasa huku hata mtoto wa darasa la tatu anajua nyumba ya mikayi inatangulia. Hata kama watoto wake ni wadogo kwa wale wengine, hata kama hawako, hata kama hawaongei na mtu. Kwetu Kuria pia ni hivyo, siwezi kujificha kwa kusema mimi ni mgeni. Kama wangeona kwa skrini, mtu angeshtuka hapo hapo, ningebadilisha kwa dakika moja. Lakini hakuna mtu aliona. Ijumaa mwalimu alipitia jioni akachukua boksi imefungwa, akabeba bila kufungua, sababu alikuwa ananiamini.

Jumamosi asubuhi akarudisha. Aliweka boksi kwa meza yetu pole pole kama iko na mayai. Nilikuwa nimejitayarisha kupigiwa kelele. Yeye akasema tu, "Mama mkubwa amekataa kushika." Halafu akasema kwamba yeye mwenyewe ana aibu, maana sasa inaonekana kama yeye ndiye alipanga hivyo ili mama yake akae mbele, na mazishi ni Jumamosi inayokuja, na nyumba mbili zenye zilikuwa zinakula pamoja zimeanza kupika jikoni mbili. Alisema hayo yote kwa Kiswahili safi, kwa ajili yangu.

Hapo ndipo madam alianza na movie. Na akamaliza na hukumu: kuanzia wiki hiyo laptop inafungwa kwa meza ya duka na cheni, familia ikitaka kitabu ije, na mimi nakaa kwa fotokopi. Nikamwambia madam tafadhali. Akasema atapiga kitabu upya, mpangilio atauliza mwalimu kwa simu, na mimi nisiende Muhuru tena. Sikulia mbele yake. Kusimama kwa fotokopi ni kazi, najua kuna watu wanaitafuta. Lakini kwa fotokopi hakuna mtu anakuambia mzee alikuwa anaogopa nini.

Jumapili nilienda kanisa, nikakaa nyuma. Tuni ya wimbo naijua, maneno siyajui, kwa hivyo mimi huimba vokali tu. Baada ya service watu walisimama kwa vikundi, nikasalimia nikapita. Nilitumia dada yangu message. Yeye ndiye alinilea baada ya mama, sasa ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime, na laini yake hukaa bila kupatikana hata wiki tatu. Ikabaki tiki moja, haijafika. Pamoja na za nyuma zilikuwa sita zimejipanga hapo, zote na tiki moja, kama watoto wenye wamefungiwa nje ya geti.

Nikaenda dukani. Niko na funguo kwa sababu mimi ndiye hufagia. Nikakaa na daftari zangu. Mimi huandika kila siku, nilianza Form One, siandiki vitu kubwa, naandika nilikula nini na nani aliniudhi. Nikasema, wacha nitafute ni siku gani zingine hii laptop ilifika imekufa. Nikapata. Iliwahi kufa siku ya kisiwa cha Remba, nikalaumu maji ya boti. Ikafa siku ingine karibu na Rodi, nikalaumu betri. Nikaandika hata matusi. Halafu nikatafuta siku zenye ilifika ikiwa hai, na hapo nikasimama. Siku za uhai zote nilikuwa nimeandika, "Nilitoka chumbani moja kwa moja." Siku za kifo zote nilikuwa nimeandika, "Nilipitia dukani."

Nilisoma tena, kidole kwa mstari.

Basi nikafanya hivi. Niliwasha laptop dukani, sikufungua kitu ya seva, nikafunga. Taa ikaanza kuwaka na kuzima pole pole, feni ikanyamaza. Imelala. Nikaiamsha, nikafungua kitabu ya mtu kutoka kwa seva, nikaibeba hivyo ikiwa wazi nikatembea nayo, nikapita posho mill, mpaka karibu na uwanja wa mpira penye wifi yetu haifiki. Nikakaa kwa jiwe. Nikafunga. Nikaweka ndani ya begi, nikaweka sikio kwa begi.

Ilikuwa inapumua. Feni ilikuwa inazunguka huko ndani, haiachi.

Wamama wawili wa kanisa walikuwa wanapita, wale wale wa asubuhi. Mmoja akasimama.

"Nyar Kuria, unasikiza nini?"

"Kompyuta, mama. Inakataa kulala."

"Iimbie," akasema. Mwenzake akacheka mpaka akashika kiuno, wakaenda. Nilibaki nikicheka peke yangu kwa jiwe. Walipofika mbali niliwasikia wanaelezana hiyo tena, sasa kwa Dholuo, na ilionekana ilikuwa tamu zaidi.

Baada ya nusu saa begi ilikuwa na ile joto ya chapati. Nikaifungua. Sasa hii kitu sikuwa najua: kumbe kompyuta pia inaandika daftari. Kila kitu inafanya, inaandika na saa. Fundi wetu aliwahi kunionyesha pahali inakaa, wakati printa ilikuwa inasumbua, na nilikuwa nimeandika hatua zake kwa daftari yangu, kwa hivyo nikafuata. Ilikuwa kwa Kiingereza cha kukauka lakini nilielewa. Ilisema imeambiwa ilale. Ikaambia kazi zote zisimame. Ikangoja sekunde ishirini. Kazi moja ikakataa kusimama. Ikaacha kulala. Halafu ikajaribu tena, ikaandika hayo maneno tena, na tena, mistari yenye inafanana mpaka chini.

Nilinakili yote kwa kalamu. Yote, hata namba. Kama ni ushahidi wacha iwe ushahidi.

Jumatatu madam alinituma Homa Bay kuleta wino na karatasi ya kupiga upya kile kitabu. Nikabeba laptop bila kumwambia, sitadanganya hapa. Fundi yuko karibu na soko, kwa chumba kidogo juu ya duka la viatu, ukiangalia dirishani unaona kipande cha ziwa. Yeye ndiye aliweka seva yetu na kutuwekea ile programu ya bure ya kuendesha kompyuta. Nilimkuta anakula samaki na ugali, mikono imejaa mafuta, akakataa kushika laptop, akaniambia nimshikie skrini juu asome akila. Akasoma. Akatafuna. Akatoa mwiba mdomoni.

"Wewe uliondoka bila kuaga," akasema.

Nikamwuliza kuaga nani. Akasema seva. Akanieleza polepole, na mimi nilikuwa natamani aeleze haraka. Alisema laptop inajua ile folda ni yake, haijui iko kwa mashine ingine. Nikiondoka na faili imefunguliwa, kuna kazi ndani ya laptop inabaki imeuliza seva kitu, na inangoja jibu. Seva imebaki Ndhiwa, laptop iko Sori, jibu itatoka wapi? Sasa nikifunga, laptop inaambia kila kazi isimame ili walale. Zingine zinasimama. Hiyo moja haiwezi, iko katikati ya kungoja, na ikiwa inangoja haisikii kitu ingine. Na laptop haiwezi kulala kama mmoja wa nyumba hajalala. Basi inakaa macho kwa begi, gizani, inachemka, mpaka betri inaisha.

Nikamwuliza kwa nini isichoke. Mtu akingoja sana si anaacha?

"Ni mimi niliiambia isichoke," akasema. "Stima ya kwenu inapotea kila saa. Ikichoka haraka, seva ikizima kidogo tu kazi zenu zinakatika nusu. Kwa hivyo nikaiambia ingoje mpaka ijibiwe."

"Hata kama hakuna mtu huko?"

"Haijui kama hakuna mtu. Inajua tu haijajibiwa."

Simu yangu ilikuwa kwa mfuko na sikutaka kuiangalia, na nikaiangalia.

Akanawa mikono, akanionyesha. Kabla ya kutoka: weka kazi, nakili ile unataka kubeba iingie ndani ya laptop yenyewe, funga kila faili ya seva, halafu toa folda ya seva, yaani ukate laptop kutoka kwa seva, ungoje mpaka alama yake ipotee kwa skrini. Ndio ufunge. Halafu ungoje tena mpaka taa ianze kuwaka na kuzima. Alisema atakuja Ndhiwa siku moja apange ijitoe yenyewe, lakini saa hii ni hivyo.

"Ni dakika moja," akasema. "Uko na dakika moja?"

Aliuliza kwa utani, lakini nilitoka hapo nikiwa nimechomwa. Kwa sababu nilikumbuka alituambia hiyo siku ya kwanza kabisa. Alituambia tutoe folda kabla ya kuondoka. Hata niko nayo kwa daftari, nimeandika, halafu nimeweka mstari chini. Nilikuwa nafanya mwezi wa kwanza, baadaye nikaona ni kupoteza wakati.

Nilirudi Ndhiwa jua likiwa bado. Nikaweka wino kwa meza, nikaweka laptop, nikaweka na daftari, nikasema, "Madam, naomba unipe dakika ishirini, usiseme kitu kwanza." Akavaa miwani. Nikamwonyesha siku za uhai na siku za kifo. Nikamwonyesha daftari ya mashine. Akasoma hiyo sentensi ya kazi moja imekataa kusimama, akasoma tena na sauti. Halafu akasema karatasi inaweza kuandikwa na mtu yeyote, yeye anataka kusikia. Nikafungua faili ya seva, nikabeba laptop ikiwa wazi, tukafunga duka. Tukatembea sisi wawili, madam ndiye amebeba begi, tukapita posho mill mpaka kwa lile jiwe. Nikafunga laptop mbele ya macho yake, nikaiingiza. Madam aliinama na kile kilemba chake kikubwa, akaweka sikio.

Alikaa hapo muda mrefu. Wenye boda walikuwa wanaangalia, mmoja akauliza kama tumeweka mtoto ndani.

"Kweli inapumua," madam akasema.

Nilitaka kuruka. Nilikuwa nimengojea hiyo sentensi tangu Jumamosi. Akainuka, akapanguza sketi. "Basi haikuwa movie. Hiyo nimekubali, na nimekukosea." Nikasema asante madam. Tukaanza kurudi. Nilifikiri imeisha, nikaanza kumwelezea vile folda inatolewa, vile haitatokea tena, naongea haraka haraka. Akanikatiza katikati ya barabara.

"Huyo mama aliuliza kama ataona kwanza?"

Nikasema ndiyo.

"Ukamwambia aje?"

Nikamwambia. Sentensi yote, vile ilikuwa.

"Hiyo haikusemwa na seva," akasema.

Tukafika dukani. Alifungua mlango, akawasha taa, akakaa. Mimi nikawaza: hata ungeweka stima beach nzima, ungeweka betri mpya, bado kulikuwa na dakika ningebaki kwa ule mkeka nimsomee mikayi karatasi yangu kwa sauti. Jina kwa jina. Angenisimamisha kwa jina la kwanza. Haikuhitaji kompyuta. Siku mbili nzima nilikuwa nimetafuta nani hakulala ndani ya laptop, na hii sikuwa nimeiangalia, kwa sababu haikuwa imeandikwa popote. Siku hiyo ya Muhuru kwa daftari niliandika tu, "Laptop imeniaibisha tena. Mwenye boda ana haraka."

Madam akasema hatapigia mwalimu simu. Akasema mwalimu ameshabebeshwa ya kutosha. Kitabu itapigwa Jumatano, mikayi akishaona. Kesho niende na laptop. Ikifika imekufa, nisirudi kueleza, niirudishe tu kwa cheni na nivae aproni ya fotokopi. Ikifika hai tutaongea. Nikauliza tutaongea nini. Akasema, "Wewe, jifunze kungoja kwanza."

Sasa niko chumbani. Nimepika uji kwa sababu sikutaka kitu ya kutafuna. Jirani wako na wageni, wanaongea wote kwa wakati moja, ukuta ni mwembamba, nasikia kila kitu na sielewi. Message za dada bado ziko na tiki moja. Leo sijaandika ya saba. Nimeweka simu kwa dirisha, nimeigeuza uso chini.

Kesho nitaamka saa kumi na moja. Nitafika dukani kabla ya gari ya kwanza. Nitafungua kile kitabu kutoka kwa seva, nitainakili ndani ya laptop, nitafunga kila kitu, nitatoa folda na nitaangalia ile alama mpaka ipotee. Nitafunga laptop, na sitaiweka kwa begi. Nitasimama hapo, honi ipige vile inataka, mpaka taa ianze kuwaka na kuzima pole pole, na nihesabu mara kumi. Gari ikiniacha nitachukua ingine. Nikifika Muhuru sitakaa kwa tenti. Nitapita hata jikoni bila kusimama, niende kwa nyumba ya mikayi, na kama wako kwa maombi nitakaa mlangoni chini mpaka maombi yote iishe. Mwenye boda nitamwachilia aende. Halafu nitamwambia mama kwamba si mwalimu, si mke mwenzake, ni mimi niliyemweka nyuma, na kabla sijafungua kompyuta nitamwuliza jina lake lote, na nani alimpa.